Sauti ya Kiti cha Nyuma

Jumamosi kwetu ni siku ya shamba. Alfajiri nachemsha chai, nachemsha mihogo, naifunga kwenye kitambaa. Mume wangu Erasmo anafuta vioo vya gari. Mama mkwe wangu, Bibi Skolastika, ameshakaa barazani na kanga zake mbili, kimya, anatungoja. Uzee umempunguzia mambo mengi, lakini kuwahi hajaacha.

Tunaishi Rasbura, hapa Lindi mjini. Shamba letu la mikorosho liko mbele ya Mchinga, kando ya barabara ya lami iendayo Kilwa. Mama anakaa kiti cha nyuma, kwa sababu magoti yake hayapendi kukunjwa. Anaegemea dirisha, miguu ameinyoosha kwenye kiti. Mimi nakaa mbele na mihogo yangu mapajani. Saa hizo ukungu bado umelala juu ya minazi. Bahari inaonekana, inapotea, inaonekana tena. Macho yanakuwa mazito. Wakati huo mimi nikipanda gari ilikuwa usingizi tu, na Erasmo alikuwa akinitania kwamba alidhani ameoa mke, kumbe ameoa gunia.

Lakini hata usingizi wangu ulikuwa na kelele ndani yake. Gari letu lilikuwa linavuma. Uuuuu, kutoka Lindi hadi shambani. Nikiota, naota mashine ya kusaga.

Mambo yalianza masika ya mwaka jana. Gari lilinasa kwenye tope la njia ya shamba letu. Watu wakaja kusukuma, na wakisukuma wanacheka. Erasmo hapendi kuchekwa. Kesho yake akaenda kwa muuza matairi ya mitumba, akachagua yale yenye meno makubwa kuliko yote. Unajua kashata za tairi, vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara? Hizo zilikuwa kubwa kama matofali ya sabuni. Aliporudi nayo shambani watu wakamsifu. Wakasema sasa ana gari. Naye akatembea siku nzima kifua mbele.

Basi, tope lilikauka mwezi wa sita. Mvumo ukabaki. Tulikuwa tukiongea njiani kwa kupaza sauti. Kisha tukachoka, tukaacha kuongea.

Hapa sasa lazima nikwambie habari ya Fortunata.

Fortunata alikuwa dada wa mume wangu. Alizaliwa kabla yake, akafa akiwa mchanga. Alizikwa kwenye mji wa zamani wa wazazi wao, kabla watu hawajahamishiwa vijijini. Mji ule ulibaki mahame, ukamezwa na pori. Baba yao alizikwa baadaye huko Milola, na kaburi lake tunalijua. La Fortunata alilijua Mama peke yake.

Sisi Wakatoliki, kila mwezi wa kumi na moja ukiingia, tunasafisha makaburi ya watu wetu na kuwaombea. Wakati huo Erasmo kila mwaka alikuwa anafyeka kaburi la baba yake, anawasha mshumaa, halafu anasimama pale na panga mkononi, uso ameuinamisha. Ukimwuliza ana nini, anasema, "Nimemfyekea mmoja. Mwingine yuko wapi?"

Utasema, si amwulize mama yake? Alimwuliza. Lakini Mama ana mila yake, aliyofundishwa na bibi yake. Mtoto mchanga aliyekufa hatajwi ndani ya nyumba. Anatajwa njiani, mkipita karibu na mahali pake, tena kwa sauti ya chini, maana mtoto aliyelala hapigiwi kelele. Kwa hiyo kila Erasmo alipomwuliza nyumbani, Mama alijibu neno moja tu, kwamba atamwonyesha njiani.

Mama alianza kwenda nasi shambani masika yale yale ya matairi, na njiani hakusema kitu. Jumamosi baada ya Jumamosi. Nilikuwa nikigeuka naona midomo yake inacheza, na shanga za rozari mkononi. Nikawa nadhani anasali. Erasmo akaanza kuogopa. Usiku mmoja alinieleza kwa unyonge kwamba mama yake ameanza kusahau, na kwamba akiondoka na siri ile, Fortunata atapotea mara ya pili. Mimi nina mdomo, wote Rasbura wanajua. Usiku ule nilimfunika shuka tu.

Mwezi wa kumi ulipofika, mvumo ulizidi, na gari likaanza kutetemeka usukani. Erasmo akalipeleka kwa fundi Bakary, akiamini kwamba beringi ya gurudumu imekufa. Bakary alibadilisha beringi. Mvumo ukabaki vilevile. Akayafungua magurudumu yote, akayatazama kwa tochi, akatuita tuone. Ubavuni matairi yalikuwa na nyufa ndogo ndogo nyingi, na moja lilikuwa limevimba. Bakary alituonya kwamba lile lililovimba linaweza kupasuka wakati wowote. Akatufungia tairi la akiba, akatuambia tuendeshe pole pole, moja kwa moja mpaka kwa Bi Rubina.

Bi Rubina ana duka la matairi hapa mjini. Lilikuwa la baba yake, Mzee Pyarali, na yeye amekulia humo. Ni mwanamke wa maneno machache, miwani juu ya paji la uso, na kikombe cha chai ya maziwa kisichoisha. Alimwona Mama garini akatoka nje kumwamkia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Erasmo hakuwa na subira. Alitaka matairi mapya yenye meno makubwa kama yale yale. Bi Rubina hakukataa wala hakukubali. Aliuliza kwanza gari linakwenda wapi, na mara ngapi. Erasmo akajibu kwamba ni mjini kila siku, na shambani kila Jumamosi. Akaulizwa lami ni kiasi gani na tope ni kiasi gani. Mume wangu akakohoa. Nikajibu mimi. Lami ni karibu njia nzima. Tope ni kipande kifupi cha kuingia shambani, tena masika tu.

"Sasa, kaka Erasmo," Bi Rubina akasema, "wewe una mabuti ya shambani. Kanisani unayavaa?"

Erasmo akacheka kidogo. Akaelezwa kwamba meno makubwa yametengenezwa ili yachimbe tope. Kwenye lami hayana cha kuchimba. Kila jino linapiga lami, linasukuma hewa, na mapigo hayo yakiungana ndiyo ule mvumo. Tena yanalika upesi, na yakilika vibaya kelele inazidi.

Kisha akashika tairi letu la zamani na kumwomba Erasmo asome namba nne zilizo ubavuni, ndani ya duara dogo lenye umbo la yai. Mume wangu akainama. Zilikuwa 0814.

"Namba mbili za kwanza ni wiki. Mbili za mwisho ni mwaka. Tairi hili lilizaliwa wiki ya nane, mwaka elfu mbili na kumi na nne. Limekaa juani miaka mingi kabla hujalinunua. Wewe kazi yako ni kukagua korosho, sivyo?"

Ni kweli. Erasmo anakagua korosho kwenye ghala la chama chetu cha ushirika.

"Mkulima akikuletea korosho zenye ganda linalong'aa, unazipokea?"

"Hapana. Nazipasua kwanza nione kiini. Korosho ya msimu wa zamani inakuwa nzuri nje, ndani imenyauka."

"Basi na mpira ni hivyo hivyo. Unanyauka hata kama haujatembea. Tairi huwezi kulipasua, lakini limeandikwa umri wake. Ulisome kabla hujalipa."

Nilimtazama mume wangu. Anawarudishia watu magunia mazima kwa sababu ya korosho chache mbovu, halafu yeye amenunua matairi makongwe kuliko ndoa za majirani zetu.

Hata hivyo Erasmo hakuwa ameridhika. Bado alikuwa akisikia vile vicheko vya tope. Alidai mvumo si mkubwa, na kwamba wanawake ndio wanaolalamika. Bi Rubina akanywa chai yake yote, akaweka kikombe chini, akaomba tumpeleke mpaka Mitwero na kumrudisha, pole pole. Akaingia kiti cha nyuma, pembeni ya Mama.

Tulikwenda. Uuuuu. Bi Rubina alisikiliza. Erasmo alipokata kona, mvumo haukubadilika. Tulipoacha lami kidogo ili tugeuze, kwenye udongo, ule mvumo ulikatika. Tuliporudi kwenye lami, ukarudi. Tuliposhuka dukani Bi Rubina akatueleza maana yake. Kelele ikibadilika unapokata kona, angalia beringi. Ikibadilika barabara inapobadilika, angalia matairi.

Kisha akamvuta Erasmo pembeni. Mimi nikasogea, ningekosaje.

"Kaka Erasmo, mama yako ana jambo anasema."

"Anasali rozari, dada."

"Labda. Mimi nilikuwa bega kwa bega naye, sikusikia hata neno. Huko nyuma mvumo ni mkubwa kuliko mnavyousikia ninyi mlioko mbele. Lakini rozari sijawahi kuona mtu anaisali huku ananyoosha kidole dirishani."

Erasmo alimtazama mama yake kupitia kioo cha gari. Kisha akamwambia Bi Rubina achague yeye, tope likilinasa gari tutashuka tusukume.

Bi Rubina akasema hachagui yeye, tunachagua wote. Alifungua mlango wa dereva, akatuonyesha kibandiko kinachotaja saizi ya tairi la gari hili na kiasi cha upepo. Tairi lolote linaanzia hapo, alisema, saizi yake na uzito linaloweza kubeba. Akatuletea matairi mawili ya aina tofauti tuyapapase. Tairi la kimya lina kashata ndogo, zilizokaribiana, tena hazilingani ukubwa, ili mapigo yake yasiungane. Mifereji yake ni myembamba, lakini ipo ya kutosha kutoa maji siku ya mvua. Lile alilotushauri lilikuwa na namba ya kulika kwa mpira ubavuni. Si kila tairi linayo namba hiyo. Likiwa nayo, namba kubwa ni dalili kwamba mpira unachelewa kuisha.

Umri tukausoma wenyewe. Yalikuwa mapya, ya mwaka ule ule.

Bei ilimfanya Erasmo avue kofia. Alikuwa karibu kuuliza kama anaweza kununua mawili tu, nikamkanyaga mguu. Matairi ya kulipa mara moja kwa miaka kadhaa, na matairi ya kununua kila masika, yapi ya bei? Rahisi ni ghali, na sisi tulikuwa tumeshaulipa urahisi ule. Tukachukua manne, ya aina moja.

Vijana wa duka wakayafunga. Wakayasawazisha kwa vipande vidogo vya madini ya risasi, ili gurudumu lisitikise usukani. Wakapima na mwelekeo wa magurudumu, maana gurudumu likienda upande linakula tairi upande mmoja, na tairi lililoliwa upande mmoja linaanza kuvuma hata kama ni zuri. Bi Rubina akatupa na maonyo ya nyumbani. Upepo upimwe asubuhi, kabla gari halijatembea, kwa kiasi cha kibandiko. Ukiwa mdogo, kingo zinaisha. Ukizidi, katikati kunaisha. Kila baada ya kilomita elfu kumi hivi turudi, matairi ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, yazeeke pamoja. Na ndani ya mifereji kuna vituta vidogo. Siku kashata zitakapokuwa sawa na vituta hivyo, tairi limemaliza kazi, tusilibembeleze.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya mwisho kabla ya Siku ya Marehemu.

Tuliondoka kama kawaida, na ukungu wetu, na mihogo yangu mapajani. Lakini gari lilikuwa kama linateleza juu ya maji. Nilisikia kitambaa kikisuguana mapajani. Nilisikia Erasmo anavyopumua. Nikaona aibu kutafuna. Nje minazi ilipita bila sauti, moja moja. Nikasema leo nitalala usingizi wa malaika.

Sikulala. Nyuma yangu, sauti ndogo ilianza kusema.

Ilikuwa ya chini sana, ya kukwaruza kidogo. Mama alikuwa anaisalimia njia. Anataja mto, anasema ulikuwa na kamba wengi. Anataja mtu, anasema alilima hapa, alikuwa mcheshi, alicheza ngoma mpaka kukapambazuka. Anapita kwa mwingine, anampa habari za mjini, kwamba mikorosho mwaka huu imezaa. Maneno yalikuwa yanatoka mengine ya Kiswahili, mengine ya Kimwera, kama mtu anayeota, lakini hakuwa anaota. Nilimwangalia Erasmo. Mikono yake ilikuwa imeukaza usukani. Gari lilikuwa linakwenda pole kabisa.

Tulipita Mchinga. Pamba za misufi zilikuwa zimepasuka, zinaelea barabarani, nyeupe, zinagusa kioo na kuondoka. Misufi iko mingi njia ile. Hatujawahi kuiuliza kitu.

"Fortunata, mwanangu," Mama akasema, "sisi tunapita. Mdogo wako yuko hapa. Leo tena hataitikia, usimchukie. Ana mawazo mengi."

Erasmo alisimamisha gari.

Aligeuka nyuma. Sijawahi kumwona na uso ule, hata siku aliyozikwa baba yake.

"Mama, umesema nani?"

Mama alishtuka. Alimtazama kama mtu aliyezoea kugonga mlango usiofunguliwa, halafu leo umefunguka. "Si dada yako Fortunata? Ule msufi, uliogawanyika juu. Nilipojifungua niliupanda, nije nimtengenezee mto wa sufi. Msufi ukakua. Yeye hakukua. Yuko chini yake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimekuambia kila tukipita, Erasmo. Kila Jumamosi. Nilinyoosha na kidole. Ulikuwa unanyamaza. Nikasema basi, mwanangu hataki."

Erasmo aliweka kichwa chake juu ya usukani akalia. Mimi nililia vilevile, na mihogo ikaanguka, nani aijali. Yeye alidhani mama yake anasahau. Mama alidhani mwanawe hataki kusikia. Katikati yao yalikuwapo matairi manne, yanavuma.

Tulishuka. Erasmo akachukua panga kwenye buti, akatangulia kufyeka, mimi nikamshika Mama mkono. Hapakuwa mbali. Mahame yao yalikuwa chini ya vichaka, vigae vya vyungu bado vimelala udongoni. Chini ya msufi ule kulikuwa na jiwe la kusagia, limelala kifudifudi, nusu limezama. Mama alituambia ndilo alilosagia uji wa uzazi, akaliacha pale kama alama. Sufi ilikuwa imetanda kila mahali, juu ya majani, juu ya jiwe, juu ya kanga za Mama. Ukikanyaga, mguu hausikiki.

Erasmo akasafisha kwa mikono, panga akaliweka kando. Akawasha mshumaa. Upepo haukuuzima.

Mama aliinama, akalipapasa jiwe. Akasema kwa sauti ile ile ya chini:

"Fortunata, huyu ndiye mdogo wako. Amekuja. Alikuwa hakusikii."

"Sasa nakusikia, dada," Erasmo akasema.

Ni mwaka umepita sasa. Matairi yale bado ni mazima, tumeshayabadilisha nafasi mara moja, na vituta bado viko mbali chini ya mifereji. Masika tuliliacha gari kando ya lami, tukaingia shambani kwa mabuti. Watu walicheka. Erasmo alicheka pamoja nao.

Na kila Jumamosi alfajiri, kabla Mama hajapanda, Erasmo anazunguka gari na kipimo cha upepo, tairi moja moja, anasikiliza. Mimi silali tena njiani. Mama akitaja jina, mimi na Erasmo tunaitikia.